Kutengua Yaliyopita

Je, jambo lililokwisha kutendeka linaweza kufanywa lisiwe limetendeka? Swali hili ni la kale katika falsafa na katika dini. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alikubaliana na mshairi Agathon kwamba uwezo huo mmoja hata Mungu hana. Karne nyingi baadaye, karibu mwaka 1065, mtawa wa Italia aitwaye Petro Damiani alimwandikia abati Desiderio wa Monte Cassino barua ndefu juu ya uweza wa Mungu. Alitetea kwamba uweza huo haufungwi na kalenda, kwa kuwa Mungu hana jana wala kesho. Nyakati zote ziko mbele yake kwa pamoja. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alirudi upande wa Aristotle: kusema kwamba jambo lilitokea na papo hapo halikutokea ni kujipinga, na kisichowezekana kwa sababu kinajipinga hakipunguzi uweza wa Mungu hata kidogo.

Mwaka 2001 swali hilo liliingia mahali ambapo wanafalsafa hawana mazoea ya kulitafuta. Kampuni ya Konami ya Japani ilitoa gemu ya PlayStation 2 iitwayo Shadow of Memories, ambayo Marekani iliuzwa kwa jina la Shadow of Destiny. Aliyeiongoza ni mbunifu Junko Kawano. Katika vibanda vya gemu vya Afrika Mashariki Konami inajulikana sana, lakini kwa sababu nyingine: ndiyo iliyotengeneza Winning Eleven, gemu ya kandanda iliyowafanya vijana wapange foleni kungoja zamu ya kushika pedi. Kwenye mashine ileile, kutoka kampuni ileile, palikuwa na gemu isiyo na mpira wala mapigano, na wachache sana waliijali.

Kisa chake kinaanza na kifo. Eike Kusch, kijana anayeishi Lebensbaum, mji mdogo wa kubuni huko Ujerumani, anatoka mkahawani na kuchomwa kisu. Anazinduka mbele ya kiumbe ajiitaye Homunculus, ambaye anampa kifaa cha kusafiria wakati na kumrudisha muda mfupi kabla ya kuuawa. Kazi ya mchezaji ni kuzuia kifo hicho. Kikizuiwa, kinakuja kingine kwa njia nyingine, na karibu kila sura ya gemu ina kifo chake. Mchezaji anauliza maswali mawili kwa wakati mmoja: vipi Eike atapona, na nani anayemtaka afe?

Mara ya kwanza dawa ni nyepesi: kukusanya watu, kwa maana muuaji hukosa nafasi penye watu wengi. Baadaye mambo yanakuwa mazito. Muuaji anapojificha nyuma ya mti mkubwa, Eike anasafiri hadi karne ya 16 ili mti ule usipandwe kabisa, na anaporudi anakuta hakuna pa kujificha. Gemu inazunguka kati ya mwaka 2001, miaka ya karibu na 1980, mwaka 1902 na miaka ya 1580, na kila enzi ina rangi zake kwenye kioo. Saa haisimami: dakika zinazotumika katika karne ya 16 zinapungua pia kwenye muda uliobaki kabla ya kifo. Eike akikutana uso kwa uso na Eike mwingine, mchezo unaishia hapo hapo. Na msafiri hachukui gharama peke yake. Dana, mhudumu wa mkahawa, anavutwa kwa bahati mbaya hadi karne ya 16, na mchezaji anaweza kurudi nyumbani akamwacha huko.

Mwanafalsafa wa Marekani David Lewis, katika makala yake ya mwaka 1976 juu ya mafumbo ya kusafiri katika wakati, angeikataa nusu ya gemu hii. Kwake, msafiri aliyekwenda zamani alikuwamo katika zamani hiyo tangu mwanzo. Mtu anayerudi na bunduki ili amuue babu yake ana bunduki nzima na shabaha nzuri, lakini hatafanikiwa. Atateleza, au risasi itamkosa babu, kwa sababu babu aliishi, na hakuna zamani mbili, moja ya kabla ya safari na nyingine ya baada. Kwa hesabu hiyo mti wa Lebensbaum hauwezi kuwa ulipandwa na pia haukupandwa. Hapa Lewis na Thomas wa Akwino wanakaa benchi moja, ingawa mmoja hakuwa na haja ya Mungu katika hoja yake. Lakini nusu ya pili ya gemu inamkubali Lewis. Kadiri kisa kinavyofunguka, inaonekana kwamba Homunculus hakumsaidia Eike kwa huruma: alimhitaji hai ili safari zake zifanikishe kuumbwa kwake yeye mwenyewe. Hilo ni duara lisilo na mwanzo, na Lewis aliona maduara ya namna hiyo kuwa ya ajabu lakini si ya kujipinga. Gemu inachanganya nadharia mbili zisizopatana, na kwa mwanafalsafa mkali hilo ni kosa. Kwa mwanafunzi wa falsafa ni bahati, maana anaziona zote mbili zikifanya kazi katika kisa kimoja.

Vitabu vya dini havina mashine ya wakati, ila vina visa vinavyokaribia. Kilicho karibu zaidi na Eike ni cha mfalme Hezekia katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 20. Nabii Isaya anamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa kuwa atakufa. Mfalme analia na kuomba, anaongezewa miaka 15, na ishara anayopewa ni kivuli kurudi nyuma madaraja kumi. Wasomaji wengi hukumbuka kivuli na kusahau mkate wa tini uliowekwa juu ya jipu. Kivuli kilirudi nyuma, ugonjwa haukufutwa, ulitibiwa. Katika Uislamu mlango wa kutengua yaliyopita umefungwa waziwazi zaidi. Hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim inamkataza muumini, akipatwa na jambo, kusema kwamba lau angefanya hivi au vile lisingempata, kwa kuwa neno hilo hufungua kazi ya shetani. Hata hivyo mwanazuoni al-Ghazali, katika kitabu chake Ihya, anaeleza toba kwa namna inayogusa nyakati zote tatu: kuacha dhambi sasa, kuazimia kutoirudia kesho, na kufidia yale ya nyuma yanayoweza kufidiwa. Kilichotendeka kinabaki kimetendeka, na bado kuna kazi ya kufanya juu yake.

Afrika Mashariki ina nadharia yake ya wakati iliyoandikwa kitabuni. John Mbiti, mwanateolojia Mkamba aliyezaliwa mwaka 1931 na kufundisha Makerere, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba wakati wa jadi una pande mbili, ambazo alizipa majina ya Kiswahili: Sasa, yaani yale yanayomhusu mtu moja kwa moja, na Zamani, bahari ambamo kila tukio hatimaye linazama. Wakati ujao wa mbali, alisema, karibu haupo. Aliyekufa hatoki katika Sasa siku ya kuzikwa. Anabaki humo maadamu yupo mtu hai anayemkumbuka kwa jina, pengine kwa vizazi vinne au vitano, na huzama katika Zamani anapofariki wa mwisho aliyemjua.

Madai hayo yana uhusiano wa karibu na Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, Tanzania. Mbiti alikulia katika kanisa lililozaliwa na Africa Inland Mission, misheni iliyoanza kazi Ukambani mwaka 1895 chini ya Peter Cameron Scott. Tasnifu yake ya Cambridge, iliyochapishwa mwaka 1971, ilichunguza namna mafundisho ya misheni hiyo juu ya siku za mwisho yalivyopokelewa na Wakamba. Misheni hiyohiyo ilifika kwa Wasukuma, na hospitali ya Kolandoto ilianzishwa mwaka 1913. Wahubiri walileta habari za wakati ujao mkubwa, wa parapanda na hukumu. Waliwakuta watu ambao jambo zito kwao lilikuwa nyuma, kwa masamva, mizimu ya wahenga, ambao wakisahauliwa huleta maradhi na wakitambikiwa hupoa. Tambiko halidai kwamba wahenga hawakusahauliwa. Linakiri kosa na kurekebisha uhusiano, na kwa maana hiyo linasimama karibu na toba ya al-Ghazali kuliko wahubiri wengi wa zamani walivyokuwa tayari kukubali.

Mbiti alipingwa, na kwa haki, hasa katika suala la wakati ujao. Mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alionyesha mwaka 1987 kwamba Waakan wana dhana kamili ya siku za mbele. Ushahidi wa ukanda wa dhahabu wa Tanzania unatosha pia: mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, huko Geita anawalisha wachimbaji kwa miezi kabla ya kujua kama mwamba una kitu, na mtu asiye na wakati ujao hafanyi hivyo. Lakini sehemu ya nadharia inayohusu kumbukumbu haijaanguka, na ndiyo inayoifungua Shadow of Memories vizuri kuliko Lewis. Eike anapozuia kifo, mji mzima haujui kwamba alikufa. Hakuna maiti, hakuna shahidi, hakuna damu uwanjani. Yeye anakumbuka. Vifo vyote alivyovitengua vimebaki ndani ya mtu mmoja, na kwa kipimo cha Mbiti, kinachokumbukwa bado kiko katika Sasa. Kwa hiyo gemu inatoa jibu ambalo Damiani na Thomas hawakulijadili: tukio linaweza kuondolewa ulimwenguni na bado lisiwe limetenguka, iwapo yupo aliyelibeba.

Jibu hilo lina upande wa hatari. Ushahidi wa mtu mmoja juu ya zamani ambayo hakuna mwingine anayeweza kuikagua ndio hasa anaoutoa mpiga ramli. Katika Usukuma mfumu, yaani mganga, anapofungua kuku na kusoma matumbo yake, anaulizwa swali la gemu: nani amesababisha? Jibu linapokuwa jina la mtu, mara nyingi bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, zamani iliyobuniwa inazaa kifo cha kweli. Kanda ya Ziwa imepoteza wazee wengi kwa njia hii, na mauaji ya watu wenye ualbino yaliifanya serikali ya Tanzania mnamo Januari 2015 itangaze kuwapiga marufuku wapiga ramli. Tofauti kati ya Eike na mpiga ramli ni kwamba Eike hufika mahali penyewe, na anapokosea mchezaji huliona kosa. Uwezo huo hakuna binadamu aliyenao. Ndiyo maana madai ya kuijua zamani yanastahili kupimwa kwa ukali kuliko madai ya kuijua kesho, ambayo angalau siku yake itafika yahakikiwe.

Kama kazi ya mikono, gemu hii ina kasoro. Eike anatembea sana katika mitaa isiyo na watu, maigizo ya sauti yana ugumu, na mazungumzo yote yanamtaka mchezaji awe na Kiingereza au lugha nyingine ya kigeni. Baada ya PlayStation 2 ilitolewa pia kwa kompyuta, kwa Xbox na mwishoni kwa PSP, na mwaka 2008 Kawano alilirudia swali lilelile katika Time Hollow ya Nintendo DS. Kisa si kirefu, na anayekimaliza mara moja amepata mwisho mmoja tu kati ya mitano, kila mmoja ukieleza kwa namna yake Homunculus ni nani na Eike ni nani. Mchezaji anayefika miisho yote mitano hufunguliwa njia ya ziada, ambayo Eike anaianza siku ya kwanza akiwa anakumbuka kila kitu.