Uwanja Mpana na Jirani Msongamanoni

Mchezo ni haki ya mwili kama usingizi. Afanyaye kazi bila ya kupumzika huiharibu kazi yake na afya yake pia. Basi hatuulizi kama ni vema watu wazima kupiga mpira mdogo kwa fimbo na kuufuata kwa miguu mpaka uingie shimoni. Ni vema. Swali letu ni gumu zaidi: je, ni haki mchezo wa wachache kuchukua ardhi pana mahali ambapo wengi hawana pa kulaza ubavu?

Gofu ilikulia Uskoti, katika matuta ya mchanga yaliyo kati ya bahari na mashamba. Ardhi ile haikufaa kwa jembe, kwa hiyo mchezo haukumnyima mtu shibe yake. Tena, katika mji wa St Andrews, Askofu Mkuu John Hamilton alithibitisha kwa hati, mwaka 1552, haki ya wenyeji kucheza pale. Hata leo, kwa kawaida, uwanja wa kale wa mji huo hauchezwi gofu siku ya Jumapili. Watu hutembea humo na watoto wao kama katika bustani.

Mchezo ulipovuka bahari ulisahau asili yake. Klabu ya gofu ya Nairobi iliundwa mwaka 1906, ikapewa jina la kifalme mwaka 1935. Katika siku za ukoloni vilabu vya namna hiyo vilikuwa vya Wazungu; Mwafrika aliingia akiwa mchukuzi wa mkoba au mkata majani. Uhuru wa mwaka 1963 uliondoa kizuizi cha rangi, lakini ada ilibaki mlangoni. Na jirani wa uwanja huo ni Kibera, jina litokanalo na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, ambako askari wa Kisudani walikalishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Leo msitu ule umekuwa wa mabati. Upande mmoja mtu hutembea kitambo asikutane na mwenziwe. Upande wa pili jamaa nzima hulala chumba kimoja.

Mwenye hasira atasema, "Ua na uvunjwe!" Tusiharakishe. Nani angeipata ardhi hiyo? Mwaka 1989 jengo la ghorofa 60 lilikusudiwa kusimamishwa katika Uhuru Park, na mwaka 1999 sehemu za msitu wa Karura zilikuwa zimegawiwa wajenzi. Wangari Maathai na wenzake walipinga mara zote mbili. Wala majengo yale hayakukusudiwa maskini. Majani hunywa maji ya mvua na miti hupoza hewa ya mji. Vikisha kufunikwa kwa saruji, havirudi upesi.

Basi ubaya haumo katika majani, umo katika kufuli. Mwanachama atajibu kwamba yeye ndiye alipaye gharama za kuutunza uwanja. Ni kweli, na kwa sababu hiyo ana haki ya kutangulia. Lakini kutangulia si kuwa peke yake. Siku moja ya juma ambayo mipira imepumzika, na mtoto wa jirani akatembea chini ya miti, haimpunguzii mwanachama kitu anachoweza kukihesabu. Humwongezea jirani kitu ambacho fedha zake haziwezi kukinunua. Siku hiyo haitampa mtu nyumba, na deni la nyumba litabaki palepale. Hata hivyo, deni kubwa si sababu ya kukataa kulipa dogo.

Wewe msomaji huenda huna klabu. Lakini shule yako ina kiwanja, na nje ya ua wapo watoto wachezao mpira wa matambara barabarani, kati ya magari. Siku za likizo kiwanja hicho hulala bure. Anza kujipima hapo.