Kereng'ende na Buabua

Watu wana desturi ya kumsifu aliyefika na kumsahau aliyeanza mwendo. Kama desturi hii ni haki au dhuluma ni jambo la kupimwa, na mizani yake twaweza kuiazima kwa viumbe wawili wenye mabawa.

Mmoja huonekana Levolosi, mjini Arusha, mvua za vuli zinapoacha madimbwi: kereng'ende wa manjano, azungukaye juu ya maji na kutaga. Mwaka 2009 Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe aliyekaa Maldives, alitoa hoja kuwa wadudu wa aina hii huvuka Bahari ya Hindi kutoka India mpaka Afrika ya Mashariki wakifuata upepo na mvua. Mzunguko wote, kilometa 14,000 hadi 18,000, huchukua vizazi vinne. Aanzaye safari si amalizaye.

Wa pili ni buabua wa Aktiki, ndege wa baharini asiyejulikana Arusha. Huzaa kaskazini ya dunia, hushuka hata bahari za barafu za kusini, kisha hurejea. Mwendo wake kwa mwaka waweza kupita kilometa 70,000, na umri wake kufika miaka 30. Yeye huondoka, na ni yeye arudiye.

Mfano wa kibinadamu u karibu, chini ya Mlima Meru. Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondoshwa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuwatetea mbele ya Umoja wa Mataifa. Kirilo ni buabua. Alikwenda, akarudi, na jina lake limeandikwa. Wazee waliochanga wakafa kabla ya uhuru wa 1961 ni kereng'ende.

Lakini hapa ulinganisho wachechemea. Mdudu hana hiari, basi hana sifa wala lawama. Mzee alikuwa na shilingi mkononi na njaa nyumbani, akatoa. Naona sifa yake yazidi ya msafiri, kwa kuwa msafiri aliweza kutumaini kuona matokeo.

Je, mchangishaji ana haki ya kumwomba mzee kitu kwa ajili ya siku asiyoweza kuifikia? Anayo, nadhani, ikiwa amemwambia kweli urefu wa njia. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia Wameru ardhi yao. Waliochanga walistahili kuambiwa hivyo kabla ya kuombwa shilingi nyingine.