Ndoa Inayosubiri Ukumbi

Wakati wa komunyo, katika kanisa lolote la Kikatoliki la Mbagala au Tandika, huku Temeke, wapo watu wazima wanaobaki kwenye mabenchi wenzao wanapopanga foleni. Wengi wao si wageni. Ni baba na mama wa watoto watatu, wanatoa zaka, wanaamka Jumamosi alfajiri kwenda kusali jumuiya, na siku ya sikukuu ya somo wao ndio wanaopika. Ila hawajafunga ndoa. Walianza kama wengi wanavyoanza Dar es Salaam, kwa ule mtindo ambao vijana wanauita "sogea tukae", na miaka ikapita. Kwa Walutheri hali ni hiyohiyo: wapo wanaosubiri kurudi kundini na kubarikiwa ndoa kwa muda mrefu kuliko waliowahi kukaa kwenye uchumba.

Waulize sababu. Ni nadra kumsikia mtu akisema haiamini ndoa. Jibu ni kwamba bado wanajipanga.

Mahubiri kuhusu familia hupenda kuwataja maadui wa mbali: tamthilia za nje, simu, mila za Wazungu. Singeli nayo hailali bila kusemwa. Yamo ya kweli katika hayo, lakini kwa mkazi wa Chamazi anayeishi kwa kipato cha siku, kinachomzuia asifike altareni kiko jirani zaidi, na mara nyingi kimeletwa na Wakristo wenzake. Baada ya posa na mahari inakuja kicheni pati, ambayo mjini imechukua sehemu ya kazi ya unyago wa Pwani. Inafuata sendofu, ndipo harusi yenyewe. Kila shughuli ina kamati, mweka hazina, kundi la WhatsApp, ukumbi, MC, sare, keki na ndafu. Kuna kadi ya mtu mmoja na kadi ya wawili, na kila moja ina bei yake.

Michango si dhambi. Imetokana na ujima wa kweli, na wapo waliooa kwa sababu tu majirani waliwashika mkono. Tatizo linaanza pale sherehe inapogeuka kuwa sharti. Kijana anajua kwamba akifunga ndoa asubuhi na mchana akala pilau nyumbani na watu kumi, ukoo utasema amewaaibisha. Basi anaahirisha, huku mwenzake akiwa tayari na mimba ya pili.

Imani yenyewe inadai nini? Mafundisho ya Kikatoliki yanasema kinachofanya ndoa ni ridhaa ya mume na mke. Kwa karne nyingi waliokubaliana hata chumbani, bila padri, walihesabiwa kuwa wameoana kweli. Mtaguso wa Trento ulibadili hilo mwaka 1563, na sababu yake inagusa moyo: wapo wanaume waliofunga ndoa za siri, kisha wakazikana na kuoa wengine hadharani. Ndipo Kanisa likasisitiza matangazo ya ndoa, likataka awepo paroko na mashahidi wawili au watatu. Utaratibu huo uliwekwa ili aliye dhaifu asitelekezwe. Hakuna mahali ulipotaja ukumbi. Leo Temeke sherehe imesimama mlangoni, na anayezuiwa kuingia ni yuleyule dhaifu ambaye mlango ulijengwa kwa ajili yake.

Roma imeliona tatizo hili. Katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, Papa Fransisko aliandika kwamba katika baadhi ya nchi watu huishi pamoja bila ndoa kwa sababu gharama za harusi zinawashinda, na kwamba umaskini ndio unaowasukuma huko. Tarehe 14 Septemba 2014 yeye mwenyewe alifungisha ndoa za jozi 20 katika Basilika la Mtakatifu Petro, na miongoni mwao walikuwemo waliokwisha kuishi pamoja.

Wakristo wa Temeke wana mfano mwingine hatua chache tu kutoka mlangoni kwao. Jirani Mwislamu akiwa na walii, mahari na mashahidi wawili, nikaha yake inaweza kufungwa msikitini baada ya swala. Walima, yaani karamu ya harusi, una nafasi yake, na wengine huufanya mkubwa kweli, lakini ndoa haiusubiri.

Anayeumizwa na kungoja ni mwanamke. Tangu 2021 Temeke ina Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia, ambako mashauri ya ndoa na mirathi husikilizwa chini ya paa moja, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Akifika huko, Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamsaidia kidogo: mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana na jamii kuwa mume na mke, hudhaniwa kuwa wameoana. Lakini dhana hiyo inaweza kupingwa. Mjane aliyeishi na mwanamume miaka kumi na miwili atatakiwa kuleta watu wa kuthibitisha maisha yake mwenyewe, huku shemeji zake wakikana kumjua. Cheti cha ndoa kingemaliza ubishi huo.

Ni kweli pia kwamba si kila anayesema anajipanga anajipanga. Wapo wanaume wanaojificha nyuma ya gharama kwa sababu hali ilivyo inawafaa. Lakini hiyo ni sababu nyingine ya kuiondoa gharama njiani: kisingizio kikiisha, atalazimika kujibu swali lenyewe, je, anamtaka huyu mwanamke kwa maisha yote au hamtaki?

Vyombo vya kuifanya kazi hii vipo. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa kanda hii, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha uchungaji Afrika Mashariki, na jumuiya ndiyo inayojua nani anaishi na nani, kwa hali gani. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania ulioanzishwa 1972, una akina mama wanaoweza kumkalisha chini baba mkwe. Zipo parokia zinazofungisha ndoa za pamoja, jozi kadhaa katika misa moja, na ukarimu huo ungestahili kuwa jambo la kila mwaka, ukitangazwa mapema na bila kumfanya mtu aonekane wa daraja la chini.

Kwa wazazi lipo neno gumu zaidi. Kifungu cha 41 cha Sheria ileile ya Ndoa kinasema ndoa iliyotimiza masharti mengine ni halali hata kama taratibu za kimila za mahari hazikutimizwa. Katika makabila mengi mahari hulipwa kidogo kidogo, kwa miaka, wajukuu wakiwa wamekwisha zaliwa. Mzazi Mkristo anayeikubali desturi hiyo kwa mkwe wake mwenye kipato kidogo, na akakubali pilau ya nyumbani badala ya ukumbi, anaweza kumpeleka binti yake altareni mwezi ujao. Notisi inayotakiwa na serikali ni siku 21 tu.