Bibi Yumo Ndani, Lakini Hayumo

Wanangu mliojenga Kihonda, na ninyi mlioteremkia Dar es Salaam, mlipowatoa wazazi wenu Mgeta, Matombo na Kinole mlitenda jema. Wapo wazee wasio na wa kuwachukua, ndiyo maana hapa Morogoro tuna makazi ya Fungafunga. Lakini mzee anaweza kula, kulala na kutibiwa kwa mwanawe, na bado akawa ametengwa.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo kule mlimani bibi ni mtu wa kuendewa. Mpaka wa shamba ukigombewa, anaitwa aseme nani alilima wapi. Kijana akitaka kuoa, anaulizwa yeye kama watu wa upande wa msichana si ndugu. Akishafika kwenu, tangu asubuhi hadi magharibi swali lake ni moja tu: "Bibi, umekula?" Ninyi mko kazini, wajukuu shuleni, geti limefungwa. Wajukuu wakirudi, Kiluguru hawakijui. Kinachomkondesha ni hicho, wala msihangaike kumbadilishia uji.

Mtambulisheni kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa wazee wenzake. Kama ni Mkristo, jumuiya isali kwenu siku moja, majirani wamjue. Kama ni Mwislamu, mpelekeni kwenye maulidi na hitima. Na msimfiche misiba kwa kisingizio cha presha. Mzee asiyekwenda kuzika anajua kwamba watu wamekwisha kumtoa hesabuni, na hilo linamuumiza kuliko safari ya kupanda mlima hadi Nyandira.

Tena awe na hela yake. Zanzibar tangu 2016 inawapa pensheni wazee waliofika miaka 70, hata ambao hawakuwahi kuajiriwa. Huku bara hatuna ya namna hiyo, basi mpeni ninyi kila mwezi, na msimuulize ameitumiaje. Akiweza kutoa mchango wa msiba kwa mkono wake, jina lake linaandikwa daftarini pamoja na majina ya wenzake.

Na siku mkitaka kuuza kile kipande cha shamba cha Matombo, msimletee karatasi ya kuweka dole gumba. Mpandisheni hadi shambani, wajomba wawepo, na yeye ndiye aanze kusema.