Neno la Daktari na Uamuzi wa Mwanamke

Soma Marko 10:46–52 na Yohana 5:1–9. Yesu aliwauliza nini wagonjwa hawa kabla ya kuwaponya? Kwa nini aliuliza jambo lililoonekana wazi?

Mama mmoja wa kanisa letu alihudhuria kliniki ya shinikizo la damu kwa miaka sita. Alipopapasa uvimbe kwenye titi lake, akiwa na miaka 54, alikaa nao karibu mwaka mzima. Tulipomuuliza sababu, alijibu: “Daktari ananiona kila mwezi. Kama kungekuwa na jambo la kuogopa, si angeniambia?” Daktari hakuuliza, na mama hakusema. Alipofika hospitali ya rufaa, saratani ilikuwa imeenea.

Tusimlaumu haraka. Wengi wetu humsikiliza daktari hata anaponyamaza, na kimya chake tunakipokea kama habari njema. Watafiti wameona kwa miaka mingi kwamba ushauri wa daktari ni mojawapo ya mambo yenye nguvu zaidi katika kumfanya mwanamke aende kupima saratani ya matiti. Nguvu hiyo ni amana, na daktari atatoa hesabu yake.

Je, nguvu hiyo inampa haki ya kuamua kwa niaba ya mwanamke? Tuchukue mfano wa Marekani, ambako mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, hupatikana kwa wingi. Mwaka 2009, jopo la wataalamu wanaoishauri nchi hiyo kuhusu huduma za kinga lilipendekeza kipimo hicho kila baada ya miaka miwili kwa wanawake wa miaka 50 hadi 74. Mwaka 2015, Jumuiya ya Saratani ya Marekani ilishauri kuanza na miaka 45. Mwaka 2024, jopo lile la kwanza lilishusha umri hadi 40. Wataalamu hawa walitofautiana kwa sababu kipimo kina faida na pia kina gharama. Huokoa maisha. Lakini wakati mwingine huonyesha kivuli ambacho si saratani, na mwanamke hukesha kwa hofu akisubiri majibu ya kipimo cha pili. Wakati mwingine hugundua saratani ambayo isingemdhuru maishani mwake.

Mwili unaopimwa ni wake, na hofu ni yake. Kwa hiyo daktari anaweza kukosea kwa njia mbili: kwa kunyamaza, au kwa kuamuru bila kueleza. Anayekwenda kwa kutishwa huenda mara moja, na akishikwa na hofu, harudi.

Mtu atasema: “Wengi hawana elimu. Tukiwaachia uamuzi, watakufa.” Hoja hii ina uzito. Kumwachia mtu uamuzi bila kumpa maarifa ni kumtelekeza, na Hosea 4:6 inaonya juu ya watu wanaoangamia kwa kukosa maarifa. Lakini dawa ya kutojua ni kufundishwa. Daktari anayesema, “Ungekuwa dada yangu ningekushauri upime, na sababu zangu ni hizi,” ametumia nguvu yake yote bila kumnyang’anya mama hiari yake. Yesu alijua haja ya Bartimayo, hata hivyo alimpa nafasi ya kuitamka mwenyewe.

Tuangalie jambo moja lisituchanganye. Mjadala wa umri unamhusu mwanamke asiye na dalili. Mwenye uvimbe, chuchu inayotoa damu au ngozi ya titi iliyobonyea asingoje umri wala asingoje kuulizwa. Aende hospitali wiki hii, nasi tumwombee akiwa njiani.

Maswali ya Kujadili

1. Je, kunyamaza kwa mwenye maarifa ni dhambi? Linganisha na Yakobo 4:17.

2. Kuna tofauti gani kati ya kushawishi na kulazimisha? Wachungaji, wazazi na waume wanaweza kujifunza nini hapa?

3. Ni dada gani katika kundi lenu anayehitaji mtu wa kumsindikiza kliniki, ili aulize maswali yake bila woga? Nani atakwenda naye?