Kuitikiwa Si Kufika

Mwanzoni mwa utenzi wake Mathnawi, mshairi wa Kiajemi Jalaluddin Rumi, aliyefariki Konya mwaka 1273, anaipa sauti filimbi ya mwanzi. Inalia kwa kuwa ilikatwa kutoka kwenye matete ilikoota. Mpaka leo waimbaji wa Iran huimba kilio hicho na vingine vya namna yake, na Mohammad-Reza Shajarian, aliyefariki mwaka 2020, alisikilizwa hata na wasiojua Kifarsi. Kwa nini binadamu apende kuimbiwa utengano wake? Mwenye njaa hafurahii kusimuliwa njaa.

Wengi watasema wimbo hutuliza. Lakini nyimbo hizi hazitulizi, huchokonoa. Msikilize mwimbaji wa Kiajemi anapoghani bila mapigo ya ngoma. Anautoa ubeti, sauti inavunjikavunjika kooni, kisha ananyamaza. Hapo nai, yaani filimbi ya mwanzi, au setari, ala ya nyuzi, huudaka ubeti ule na kuurudia kwa namna yake. Ala haimfikishi mwimbaji kwa mpenzi wake wala haimpi dawa. Inamthibitishia tu kwamba amesikika. Nadhani mvuto wote umo humo: si katika ahadi ya kufika, bali katika kuitikiwa.

Tabora inaipa hoja hii mtihani mgumu. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika hapo mwaka 1857 waliikuta Kazeh, njia panda ya misafara katika nchi ya Unyanyembe: huku Ujiji na Manyema, huku Karagwe na Buganda, huku pwani. Anayeishi Ntalikwa, kata ya Tabora, leo anaishi jirani na historia hiyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda pwani kutafuta ujira, wakarudi na vitambaa na hadithi. Watu wengine walipitishwa wakiwa watumwa waliofungwa, wasirudi tena. Kwa watu hao, kukatwa kutoka kwenye asili hakukuwa fumbo la kishairi.

Ndipo ikaja tarika ya Kisufi ya Qadiriya. Sheikh Uways wa Barawa aliieneza Zanzibar katika miaka ya 1880, na kabla ya karne kwisha ilikuwa imeota mizizi Tabora kwa juhudi za Sheikh Zahor bin Muhammad, kisha ikaendelea mpaka Ujiji na Kongo. Haikuja na setari. Ilikuja na kasida, dufu na pumzi nzito za zikri. Hata hivyo, muundo ni uleule: mmoja anatoa, halka nzima inaitikia. Wengi katika halka za bara hawakujua Kiarabu cha kasida, ila kila mmoja alijua zamu yake ya kuitikia. Na mtu aliyeuzwa alikuwa amenyang'anywa hasa kitu hicho, yaani haki ya kuita na kuitikiwa kama mwenzi. Bwana wake aliitikiwa, yeye aliamrishwa.

Hapa pana pingamizi lisilofaa kurukwa. Ukisema kila roho imetengana na Mola wake, bwana na mtumwa wote ni wageni duniani, je, hujaufunika udhalimu kwa kanzu nyeupe? Utengano wa roho hauna mkosaji. Wa mtumwa una mkosaji, na jina lake linajulikana. Wimbo unaovichanganya viwili hivyo unaweza kumsamehe asiyeomba msamaha.

Pingamizi lina nguvu, ila halimalizi kesi. Sheikh Ramiya alizaliwa Manyema, akachukuliwa mtumwa akiwa mtoto na kufikishwa Bagamoyo. Kufikia kifo chake mwaka 1931 alikuwa khalifa mashuhuri wa Qadiriya, naye ndiye aliyetoa, waungwana wakaitikia. Serikali ya kikoloni nayo haikuziona halka kuwa mahali pa usingizi: mwaka 1908, iliposambaa barua iliyodaiwa kutoka Makka, Wajerumani waliitilia shaka tarika hiyo. Hofu ya mtawala haithibitishi kwamba kasida hukomboa. Inaonyesha tu kwamba watu waliozoea kuitikiana ni vigumu kuwatawala mmojammoja.

Basi tusiudai wimbo kupita uwezo wake. Kasida ya Tabora, sawa na ghazali ya Kiajemi, haimrudishi mtu kwao wala haimhukumu aliyemtoa. Inamrudishia nafasi ya mtu ambaye sauti yake inastahili jibu. Haki iliyobaki ataidai kwingine, lakini hawezi kuidai mtu aliyekwisha kuamini kwamba hasikiki.