Gemu Ipi Nicheze, Ipi Niache?

Masomo ya kusoma kwanza: Zekaria 8:4-5, 1 Wakorinto 6:12, Luka 16:10-13



Vijana wapendwa, siendi semina yoyote ya vijana hapa Songwe, iwe Tunduma, Vwawa au Mlowo, bila kuulizwa swali hili: "Mlezi, kucheza gemu ni dhambi?" Anayeuliza anataka jibu la neno moja. Wazee waliokaa nyuma wanataka niseme ndiyo. Vijana wanataka niseme hapana, wakamalizie mechi zao kwa amani. Leo sitajibu kwa neno moja, kwa sababu gemu si kitu kimoja. Ni kama kuuliza kama kula ni dhambi. Kula nini? Saa ngapi? Chakula cha nani?

Nawaletea kisa kimoja mkione. Kijana mmoja wa kwaya pale Tunduma ana kibanda cha gemu. Runinga mbili, PS mbili, mabenchi matatu, na anatoza shilingi 500 kwa mechi. Wateja wake ni wanafunzi, vijana wa bodaboda, na utingo wa malori wanaosubiri karatasi zitoke ili wavuke kwenda Nakonde. Kwa kibanda hicho analipa pango, na anamnunulia mdogo wake wa kidato cha pili sare na madaftari.

Mama mmoja wa jumuiya yao alimwambia, tena kwa upendo, kwamba pale anafuga pepo. Wiki hiyohiyo akaja mtu mwingine na ofa yake: amwekee dubwi mlangoni, yaani ile mashine ya kutumbukiza sarafu za mia mbili, wagawane mapato. Kijana akaja kuniuliza: "Mlezi, nifunge, au nichukue dubwi? Maana kama yote ni dhambi, bora nichukue linalolipa."

Ndugu zangu, sentensi hiyo ya mwisho ilinikosesha usingizi. Tukimwambia kijana kwamba kila mchezo ni wa shetani, hatumwokoi na kitu. Tunamnyang'anya mizani. Akishakosa mizani atachagua kwa bei, na kwa bei dubwi linashinda kila siku.

Mungu hachukii mchezo

Tuanze na Neno. Nabii Zekaria anaahidiwa Yerusalemu mpya, mji uliorudishiwa amani. Dalili zake ni zipi? Wazee wamekaa njiani na mikongojo yao, na watoto wa kiume na wa kike wamejaa mitaani wanacheza. Mungu anapochora mji wenye baraka, anawaweka watoto wakicheza. Mji ambao watoto hawachezi ni mji wenye vita au njaa.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa wa karne ya 13, alifundisha kwamba kama mwili unavyochoka na kuhitaji usingizi, akili na roho navyo huchoka, na pumziko lake ni burudani. Kwake, kucheza kwa kiasi ni fadhila, na mtu asiyejua kabisa kufurahi na wenzake ana kasoro. Lakini akaweka tahadhari tatu. Mchezo usiwe na jambo chafu au la kumdhuru mtu. Usikupotezee utulivu wa nafsi yako. Na ulingane na mtu, wakati na mahali.

Thomas hakuwahi kuona runinga, ila mizani yake mitatu inapima vizuri sana kilichomo kwenye kibanda kile. Hebu tupime.

Gemu za mpira

FIFA, ambayo tangu 2023 inatoka kwa jina la EA Sports FC, na PES, ambayo siku hizi inaitwa eFootball, ndizo zinazojaza mabenchi. Nianze na uzuri wake. Mechi ina mwanzo na mwisho: refa akipuliza, kazi imekwisha. Unacheza na mtu aliyekaa kando yako, unamwona uso. Unajifunza kufungwa mbele za watu ukabaki na adabu, na hilo si jambo dogo. Hakuna damu, na mtoto akipita hakuna cha kumfunika macho.

Udhaifu wake? Wa kwanza ni matusi. Unakuta kijana aliyesoma somo la pili asubuhi Kanisani, jioni kafungwa goli la dakika ya 90, na maneno yanayomtoka hayaandikiki. Hapo mizani ya pili imegoma: utulivu umepotea. Wa pili ni ule utaratibu wa "anayefungwa analipa". Unaonekana wa kawaida, ila kwa mwenye mia tano ya mwisho ni dau tayari. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inafundisha kwamba kuwekeana dau si dhuluma kwenyewe, lakini kunakuwa kubaya pale kunapomnyima mtu yale anayoyahitaji kwa maisha yake na ya wanaomtegemea. Basi swali ni moja: hiyo mia tano ilikuwa ya nini? Kama ni ya unga, mmekula unga wa watu.

Na wale mnaocheza kwa intaneti, angalieni zile pakiti za wachezaji zinazouzwa ndani ya gemu bila wewe kujua utamtoa nani. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba bahati nasibu za namna hiyo ndani ya gemu ni kamari kisheria, na mwaka 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza sarafu za FIFA katika nchi hiyo. Gemu ni ya mpira, lakini ina mlango wa kamari pembeni.

Gemu za mapigano, na GTA

Tekken na Mortal Kombat zote ni za kupigana wawili. Zinafupisha muda, zinataka wepesi wa vidole na kumsoma mpinzani. Lakini hazilingani. Mortal Kombat tangu ilipotoka mwaka 1992 imejengwa juu ya kumalizia aliyekwishashindwa: kumrarua, kumng'oa kichwa. Ni mojawapo ya gemu zilizozua mjadala mkali Marekani, hadi mwaka 1994 kikaanzishwa chombo cha kupanga gemu kwa umri wa mchezaji. Adui ameshaanguka, halafu mchezo unakusifu kwa kumchinja. Hapo mizani ya kwanza imegoma.

GTA nisiidharau, maana vijana mtaniambia "mlezi hajawahi kuiona." Nimeiona. San Andreas ya 2004 na ile ya tano ya 2013 ni kazi kubwa ya mikono: mji mzima unaotembea, magari, redio, hadithi, uhuru wa kwenda utakako. Ndiyo maana mtu hachoki. Udhaifu wake uko humohumo katika uhuru. Unaweza kumgonga mpita njia, ukachukua fedha zake, ukaendelea na safari. Ukifa unaamkia hospitali. Siwaambii kwamba kila aliyecheza GTA atakuwa jambazi. Wengi wameicheza na ni watu wema. Ninachosema ni kwamba inazoesha jicho kumwona mtu kama kitu kilichokaa njiani. Na tunaishi mpakani, ambako kila siku wanapita wageni wasio na ndugu hapa. Kijana wa Tunduma anahitaji jicho la kinyume cha hilo.

Halafu ipo mizani ya tatu: nani anacheza? Ulaya na Marekani Mortal Kombat na GTA zimewekewa alama ya watu wazima. Sisi kwenye kibanda unakuta mtoto wa darasa la tatu kasimama nyuma ya benchi, mdomo wazi. Hata kama mchezaji ana miaka 25, mtazamaji ana 9.

Gemu za simu: Free Fire na wenzake

Hapa uzuri ni mwingi kuliko wazazi wanavyodhani. Free Fire inakubali hata kwenye simu ya bei nafuu. Mnacheza kikosi, mnaongea, mmoja akiangushwa mwenzake anarudi kumwinua. Nimesikia vijana wakipangana humo vizuri kuliko wanavyopangana kusafisha Kanisa!

Ila haina kipenga cha mwisho. Mchezo mmoja unachukua kama dakika kumi, na ukitoka tu kuna mwingine unakungoja, kuna zawadi ya leo usiipoteze, kuna almasi za kununua ili uvae vizuri mbele ya wenzako. Bando linakata, unakopa bando. Saa nane usiku bado unasema "ya mwisho hii." Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo la kutawaliwa na gemu katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili ni tatu: hujizuii tena, gemu inatangulia kuliko shughuli zako nyingine, na unaendelea hata unapoona inakuumiza. Kwa kawaida huangaliwa kama hali hiyo imedumu miezi 12.

Mtume Paulo alilisema mapema. Anawaambia Wakorinto kwamba hata katika mambo yaliyo halali, yeye hatakubali kitu chochote kiwe bwana wake. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama gemu ni halali. Jiulize kati yako na yenyewe nani anamwambia mwenzake "basi."

Dubwi na kindege

Hizi watu wanaziita gemu pia, na hapa ndipo yule kijana alipokuwa amechanganyikiwa. Mtakatifu Fransisko wa Sales, katika kitabu chake cha malezi ya kiroho cha mwaka 1609, aliikataa michezo ya bahati kwa sababu hii: mshindi hashindi kwa akili wala jitihada. Katika mpira wa PS ukifanya mazoezi unakuwa bora. Mbele ya dubwi, mazoezi ya miaka kumi hayakusaidii kitu. Kindege cha kwenye simu nacho kinapaa, kinapotea, na wewe hujui kitapotea lini. Kitu pekee unachokuza ni hamu. Mashine haichoki, haina njaa, haina mdogo wake wa kidato cha pili. Hata sheria ya nchi inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha, ingawa mnajua wenyewe nani wanasimama pale na sare za shule.

Ndiyo maana nilimjibu: "Usifunge kibanda. Na dubwi usichukue."

Nilimwambia pia habari za Mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Milano aliyefariki kwa saratani ya damu tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na miaka 15, na kutangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025. Carlo alikuwa na PlayStation na aliipenda. Mama yake amesimulia kwamba alijiwekea saa moja tu kwa wiki. Kompyuta ileile iliyoweza kumla muda wake, yeye aliitumia kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi na kuziweka kwenye tovuti. Carlo hakuvunja mashine yake. Aliipangia saa.

Kijana wetu akaweka utaratibu. Saa za masomo, mwenye sare haingii. Mortal Kombat imeondolewa. GTA ni usiku, kwa watu wazima tu. Ukitukana, unapumzika mechi mbili. Malipo mnagawana nusu kwa nusu, mshindi na mshindwa.

Natamani niwaambie kwamba baraka zilimiminika. Hapana. Baadhi ya wateja walihama. Lile dubwi limewekwa mlango wa tatu kutoka kwake, na anasikia sarafu zikilia mchana kutwa. Pango la mwezi uliopita alilipa kwa kuchelewa. Lakini aliniambia neno moja: "Mlezi, sasa mdogo wangu akipita hapa simfukuzi." Injili ya Luka inasema aliye mwaminifu katika kidogo ni mwaminifu na katika kikubwa pia. Runinga mbili ni kidogo. Uaminifu wake si mdogo.

Na sisi tunaobaki kusema "anafuga pepo", shikamooni mama zetu, tumpeni mkono. Vijana wa parokia tuandae bonanza la gemu za mpira pale kwake Jumapili baada ya Misa, tulipie. Don Bosco alipowakusanya vijana wa mitaani wa Torino karne ya 19, aliwapa sala na katekisimu, na aliwapa uwanja wa kuchezea pia, akacheza nao.

Kwa tafakari ya wiki hii

1. Gemu ninayoipenda inanisifu ninapofanya nini?
2. Ninapoiacha, narudi kwa watu wa nyumbani nikiwa na amani au na hasira?
3. Fedha na bando ninazoziweka humo zilikuwa za nani?
4. Nikiambiwa leo niipangie saa kama Carlo, naweza?

Tusali

Bwana Yesu, uliyekuwa mtoto Nazareti na ukacheza na watoto wenzako, utufundishe kufurahi bila kuumiza mtu. Utujalie macho ya kupambanua, na moyo wa kusema basi. Uwakumbuke vijana wa Tunduma wanaotafuta riziki halali mahali penye njia nyingi za mkato. Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.